Nati mpya ya jiliwa, vumbi lisimfikie mtoto

Jiliwa, kile kibanio cha chuma kwenye meza ya fundi, likizeeka huanza kuachia. Mara nyingi kilicholika ni meno ya nati iliyo ndani. Nati hutengenezwa kwa metali laini kuliko skrubu, ili ilike yenyewe na skrubu ipone. Ndiyo maana fundi mkerezaji huchonga nyingine kwa shaba.

Wazazi wajue kuwa baadhi ya shaba hizo zimechanganywa na madini ya risasi ili zikatike na kuteleza vizuri. Vumbi lake huganda kwenye nguo na viatu, likafika nyumbani na baba anayekimbiliwa na mtoto mlangoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wadogo hudhuru ubongo, na dalili huweza kuchelewa.

Fundi abadili nguo na viatu hukohuko karakana, anawe kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe. Vipande vinavyong'aa visiletwe nyumbani kuwa vya kuchezea. Mtoto akiugua, daktari aambiwe kazi ya mzazi.