Kalunguta: Sherehe ya kumuaga bibi arusi imkumbuke pia ambaye hakualikwa

Vita havijazuia watu kuoana. Kwenye barabara ya kitaifa namba 2, inayounganisha Butembo na Beni kwa umbali wa kilomita 54 hivi, ndoa zinaendelea kubarikiwa makanisani, mbuzi wa mahari wanaendelea kuhesabiwa, na wasichana wanaendelea kukusanyika ili kumuaga mwenzao anayeolewa. Kalunguta, katika eneo la Beni, jimboni Kivu ya Kaskazini, haiko nyuma. Hata familia iliyokimbia kijiji chake inatafuta njia ya kumpeleka binti yake kwa bwana kwa heshima.

Sherehe hiyo ya wasichana inajulikana. Siku chache kabla ya ndoa, marafiki, dada na wenzake wa korali wanafanya komite, wanachagua mtunza feza, na kila mtu anaombwa kiasi fulani. Feza hizo zinanunua vikwembe vya rangi moja, chakula, sukre, keki, na zawadi za nyumba mpya: masufuria, sahani, ndoo, mashuka. Kuna pia ya mpiga picha. Shangazi anapewa nafasi ya kutoa mashauri yake. Kisha watu wanacheza mpaka jioni.

Hakuna ubaya ndani yake. Watu waliolala mara nyingi na hofu wana haki ya kucheka. Lakini kuna swali ambalo wasichana wa Kalunguta na wa Butembo wangefaa kujiuliza: katika orodha hiyo ndefu ya matumizi, kwa nini hakuna mstari hata mmoja kwa ajili ya mtu ambaye hakualikwa?

Mtu huyo hayuko mbali. Mwezi Oktoba 2022, waasi wa ADF walishambulia Maboya, katika usultani wa Bashu. Walichoma hospitali na kuua watu, kati yao mtawa daktari Marie-Sylvie Vakatsuraki. Mwezi Machi 2023 ikawa zamu ya Mukondi, katika usultani huo huo, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa kwa usiku mmoja. Kila shambulio linaacha wajane na watoto, na linasukuma familia nzima barabarani. Wengi wao hawaendi kambini. Wanapokelewa nyumbani kwa watu, vyumba viwili vikigawanywa na familia mbili ao tatu. Mbele ya hapo kulikuwa Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu 2.287 kati ya wagonjwa 3.470. Kalunguta ilikuwa moja ya zoni za afya zilizoguswa, pamoja na Mabalako, Beni, Butembo na Katwa. Mayatima wa wakati ule sasa ni vijana wanaotafuta karo ya shule.

Kuna pia shida ambayo inamhusu bibi arusi kwa karibu zaidi. Katika sehemu nyingi za Kongo, mama anayezaa na kukosa feza za kulipa anabaki materniti na mtoto wake mpaka familia ilete malipo. Wengine wanakaa hapo majuma kadhaa, wakiishi kwa sahani ya chakula kutoka kwa jirani wa kitanda. Serikali ilianzisha programu ya kuzalisha bure huko Kinshasa mwezi Septemba 2023, lakini haijafika kila pahali. Msichana anayeagwa leo kwa ngoma anaweza kuwa, mwaka ujao, kwenye kitanda hicho hicho. Ndiyo maana sherehe yake ni pahali pazuri pa kumkumbuka mama aliye huko sasa. Haitakuwa huruma kwa mgeni. Ni wanawake wanaotayarisha njia ambayo wao wenyewe watapita.

Wengine watasema hiyo ni desturi ya wazungu. Ni kweli kwamba huko Ulaya wazo hili limepata jina. Wakati wa ndoa yao mwaka 2011, William na Catherine wa Uingereza waliomba wenye kutaka kuwapa zawadi wasaidie mashirika ya misaada. Mwaka 2018, Harry na Meghan walifanya vile vile na kutaja mashirika saba. Lakini maharusi wale hawakukosa sufuria. Binti wa Kalunguta anaihitaji, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia aikatae. Zambia na Tanzania, ambako sherehe ya wanawake ya kumpa bibi arusi vyombo vya jikoni imekuwa desturi kubwa ya mjini, maana yake ya kwanza ni hiyo: nyumba mpya isianze mikono mitupu. Msaada unaozungumziwa hapa haufai kuondoa zawadi ya bibi arusi. Unafaa kuondoa kile ambacho hakuna mtu atakayekikumbuka baada ya mwezi.

Tena, kutoa si jambo la kigeni kwa wakaaji wa hapa. Msiba ukitokea, majirani wanaleta kuni, unga na feza kabla ya kuombwa. Mbuzi wa mahari mara nyingi wanatoka kwa wajomba na baba wadogo, si kwa kijana peke yake. Wanawake wa vikundi vya akiba, vinavyoitwa AVEC, wanajua vema namna ya kutenganisha feza. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika CARE, na umeenea sana Afrika. Kando ya sanduku la akiba kunakuwa mfuko wa mshikamano, ambao kila mwanachama anaweka kidogo kwa ajili ya ugonjwa ao kifo. Hakuna anayeona mfuko huo kuwa mzigo, kwa sababu ni mdogo, ulikubaliwa mapema, na kila mtu anajua unafanya kazi gani.

Komite ya kumuaga bibi arusi tayari ni nusu ya AVEC: ina orodha, ina mtunza feza, ina siku ya mwisho ya kulipa. Kinachokosekana ni ule mfuko wa pili. Tuseme wasichana 20 wanakubaliana kutoa franka 10.000 kila mmoja. Zinakuwa franka 200.000. Wakiamua tangu mwanzo kwamba sehemu moja ya kumi ni ya mtu mwenye shida, ni franka 20.000. Haziwezi kulipa deni lote la hospitali. Lakini zinaweza kununua sabuni, chumvi, na kikwembe cha kumbebea mtoto. Na kama kila komite ya parokia moja inafanya hivyo kwa mwaka mzima, hesabu inabadilika.

Jambo la maana ni kwamba sehemu hiyo itoke ndani ya bajeti, isiongezwe juu yake. Hapa ndipo wengi wanaweza kukosea. Michango ya ndoa tayari inachosha. Kuna msichana anayekopa ili asionekane peke yake bila kikwembe cha rangi, na kuna anayejifanya mgonjwa siku ya sherehe kwa sababu hakupata feza. Kumwongezea huyo mchango mwingine kwa jina la maskini ni kumwibia maskini mmoja ili kumpa mwingine. Mpiga picha mmoja badala ya wawili, keki ndogo, ao vikwembe ambavyo watu wanavyo tayari: hapo ndipo sehemu ya kumi inaweza kutoka.

Hatari ya pili ni picha. Kumpeleka bibi arusi na wenzake wote materniti wakiwa wamepambwa, kumsimamisha mama mgonjwa katikati na kutuma picha kwenye simu, ni kumlipisha mama huyo kwa aibu yake. Amekosa feza, hakukosa heshima. Inatosha watu wawili waende: mtunza feza na mama mmoja mwenye kuaminiwa. Wanamwona muuguzi mkuu ao kiongozi wa wakimbizi wa vita, wanauliza ni nani mwenye shida kubwa na anahitaji nini, wanalipa ao wanakabidhi kitu, wanaleta karatasi ya malipo kwa komite. Ukimya huo una faida nyingine. Katika eneo ambalo watu wenye silaha na wezi wanasikiliza kila habari, kutangaza kwamba wasichana fulani wamekusanya feza si busara.

Kuna wanaosema pia kwamba msaada wa namna hii unaipumzisha serikali. Hofu hiyo ina msingi. Kulinda wakaaji ni kazi ya jeshi, na kufanya mama azae bila kufungiwa ni kazi ya wizara ya afya. Feza za wasichana 20 hazitajibu maswali hayo, na viongozi wasisifiwe kwa kitu ambacho hawakufanya. Lakini mtoto aliyezaliwa jana hawezi kungojea bajeti ya taifa ndipo afunikwe. Na mtu aliyeingia materniti kwa macho yake na kuona akina mama waliobaki huko anakuwa na neno la kumwambia mbunge anapokuja kuomba kura.

Mwisho, ni bibi arusi mwenyewe anayefaa kuamua. Komite isimfanyie kwa nguvu, na mchungaji ao padri asigeuze jambo hili kuwa sharti la kubariki ndoa. Shangazi, ambaye siku hiyo anasikilizwa na wote, ndiye anaweza kulileta kwa upole. Kati ya mashauri anayompa binti juu ya bwana, wakwe na jiko, aongeze moja: nyumba yako iwe na kitu cha kumpa aliye mlangoni. Shauri hilo litakuwa na nguvu zaidi kama, kabla ya ngoma kuanza, bahasha imekwisha kutoka.