Gesi ya AC haiishi, inavuja

Msimu wa korosho ukiingia, Masasi hujaa wageni. Wanunuzi wanafika, malori yanapanga foleni maghalani, nyumba za wageni hazina chumba. Ni Oktoba, joto limekaba, mvua bado. Hapo ndipo kila mwenye nyumba ya wageni na kila bosi wa ofisi anapoanza kumtafuta fundi, na maneno ni yale yale: "Fundi, AC haipoozi, njoo ujaze gesi." Fundi anakuja, anajaza, analipwa, anaondoka. Oktoba ijayo anapigiwa tena kwa mashine ile ile.

Huu ni uharibifu, na tunaulipia wenyewe. Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka kwenye kompresa kwenda koili ya nje, ikaingia koili ya ndani, ikarudi ilikotoka, na mashine ikiwa nzima gesi ile ile hukaa humo miaka na miaka. Ikipungua, ujue imetoka. Kuna tundu. Mtu wa Newala, ambaye bibi yake alishuka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo mlima kichwani, hahitaji kuelezwa maana ya kujaza ndoo iliyotoboka. Basi kwa nini kwenye AC tunakubali?

Na wakati wa kukubali umekwisha. AC nyingi za zamani zinatumia gesi iitwayo R-22. Gesi hiyo inakula tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania iliingia mwaka 1993, nchi zinazoendelea ziliwekewa ratiba ya kuiondoa. Kufikia 2020 matumizi yalitakiwa yawe yamepungua kwa asilimia 35 ya kiwango cha kuanzia. Kufikia 2025, asilimia 67.5. Ifikapo 2030 mlango unafungwa, isipokuwa upenyo mdogo wa wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka, wa kuhudumia mashine zilizobaki hadi 2040. Ratiba hiyo imejulikana tangu 2007. Halmashauri, benki na hoteli zimekuwa na muda mrefu wa kujipanga kuliko umri wa mashine zenyewe.

Atasimama mtu aseme hizi ni sheria za Wazungu. Hapana. Hatua iliyofuata ilikubaliwa Kigali, hapo jirani, tarehe 15 Oktoba 2016, na Tanzania nayo imeridhia. Marekebisho ya Kigali yanagusa gesi zilizokuja kuchukua nafasi ya R-22, hasa R-410A. Hiyo haili ozoni, lakini kilo moja ikivuja inaipasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa. Sisi tuliwekewa kikomo mwaka 2024. Mwaka 2029 tunapunguza asilimia 10, mwaka 2035 asilimia 30, mwaka 2045 asilimia 80. Kwa hiyo anayenunua leo AC ya R-410A kwa kudhani ameikimbia R-22 amehama nyumba inayobomolewa mwaka huu akapanga ile itakayobomolewa baadaye.

"Masasi ina AC ngapi hata tusumbuke?" Nimeulizwa hivyo usoni, na swali hilo linanikera kuliko yote. Usihesabu AC za nyumba za wageni. Nenda hospitali. Nenda Mkomaindo, nenda Ndanda. Chumba cha upasuaji, maabara na stoo ya dawa haviwezi kuachiwa joto la Novemba. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi kwamba zisizidi nyuzi 25 au 30. Gesi ikiadimika Dar es Salaam, bei itapanda huko kwanza, na mtungi utakaobaki ndio utakaosafirishwa hadi Mtwara, kisha karibu kilomita 200 nyingine hadi kwetu. Sisi ni wa mwisho kwenye foleni hiyo. Mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye anayepaswa kujipanga mapema.

Uadimu una ubaya wake mwingine: unaleta gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yalilipuka Vietnam na Brazil yakaua watu waliokuwa wakiyahudumia. Yalikuwa yametiwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Mtungi uliandikwa jina jingine. Fundi hakujua. Fundi wetu wa Masasi, mwenye geji mbili na spana mkobani, atajuaje?

Nisieleweke kuwa namlaumu fundi. Nimesimama nyuma ya jengo moja mjini hapa nikamwona kijana akilegeza nati ya AC ya zamani ili aing'oe. Gesi yote ikatoka kwa mlio mkali, ukungu mweupe ukatanda, ikaisha. Nikamuuliza kwa nini asiivute kwenye mtungi. Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, mashine ya kuvutia sina, na bosi kanilipa ya kung'oa tu." Amesema kweli. Tunamlipa ajaze, hatumlipi atafute tundu. Tunamlipa ang'oe, hatumlipi ahifadhi. Halafu tunashangaa.

Gesi aliyoimwaga kijana yule ndiyo gesi ambayo chumba cha upasuaji kitaihitaji 2031. Hilo ndilo linaloniumiza. R-22 inaweza kuvutwa kutoka mashine inayokufa, ikasafishwa, ikatumika tena kwenye mashine inayoishi. Kila AC kuukuu inayong'olewa Masasi na Newala ni akiba, na sisi tunaifungulia hewani kama moshi wa takataka.

Mashine mpya nazo zina masharti yake. R-410A inafanya kazi kwa mgandamizo wa kama mara moja na nusu ya R-22. Geji na mabomba ya zamani hayafai, hata oili ya kompresa ni tofauti. R-32, ambayo madhara yake kwa joto la dunia ni kama theluthi moja ya R-410A, inashika moto, ingawa si kwa urahisi. R-290 ni propani, yaani ndugu wa gesi tunayopikia; haina madhara makubwa kwa hewa, lakini ikivuja ndani ya chumba na mtu akawasha kiberiti ni msiba. Gesi hizi hazimsamehe mtu anayechomelea bomba ambalo bado lina gesi, wala anayetumia kompresa ya friji kuukuu badala ya pampu ya kufyonza hewa. Na anayetafuta tundu kwa kupuliza oksijeni badala ya naitrojeni anacheza na bomu, maana oksijeni ikikutana na oili hulipuka. Kumtilia propani mteja mwenye AC ya R-22 "kwa sababu inapooza vizuri" ni kumtegea moto ukutani.

Newala ina kosa la aina yake, na nitalisema. Mji ule uko ukingoni mwa uwanda wa juu. Simama Shimo la Mungu jioni, tazama bonde la Ruvuma, utasikia upepo unavyovuta kanga na makoti. Mahali pa namna hiyo tunajenga ofisi za vioo visivyofunguka, dari fupi, bati bila kizuizi cha joto, kisha tunatundika AC nne kushindana na jua tuliloliingiza wenyewe. Wazee walijenga kibaraza na madirisha yanayotazamana. Mchoraji ramani anayeletewa kazi ya Newala na hamuulizi mtu upepo unatoka wapi arudishiwe michoro yake.

Ninachodai ni kazi ya wiki chache. Halmashauri zetu nne, za mji na wilaya, Masasi na Newala, ziorodheshe kila AC: iko wapi, ya mwaka gani, ina gesi gani, imejazwa mara ngapi. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko cha sanduku la nje. Mtu yeyote anayejua kusoma anaweza. Hospitali zitangulie kwenye bajeti ya kubadilisha. Zabuni yoyote ya AC itakayowekwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, itaje gesi inayotakiwa na kiwango cha ulaji umeme, maana bei ndogo dukani hurudi kama gharama ya LUKU kila mwezi. Inunuliwe mashine moja ya kuvuta gesi na mitungi yake, mafundi wa mtaani waikodi. TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa serikali, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wawaite mafundi hao, wawafundishe kushika gesi zinazowaka, wawape cheti. Na mkaguzi wa ndani akikuta ofisi imelipia "kujaza gesi" mara mbili kwa mashine moja bila taarifa ya tundu lililozibwa, aiandike kuwa hoja ya ukaguzi, kwa sababu ni fedha ya umma iliyopotea hewani.

Na wewe mwenye nyumba ya wageni, Oktoba hii fundi akifika, kabla hajafungua mtungi mwambie maneno matatu: "Nionyeshe kwanza inapovuja." Mlipe kwa kazi hiyo.