Mlio wa pesa na mlio wa msiba visifanane!

Wiki hii sitaki kuchonga habari za mapenzi wala za nani kamnyang'anya nani bwana wake. Hizo zipo, hazikimbii. Leo nataka tuongee habari za milio. Ndiyo, milio! Ile "ting" na "pii" inayotushtua kutwa kucha mpaka mtu unaisikia hata pale simu yenyewe iko chaji chumba cha pili.

Zamani kule kwetu Mbinga milio ilikuwa inahesabika. Kengele ya kanisa ya kuitia misa ilikuwa na mwendo wake, na ile ya msiba na mwendo wake, polepole, moja moja, mtu uliyeko shambani kwenye kahawa unasimamisha jembe na kujiuliza ni nani katutoka. Ukiteremka ziwani Mbamba Bay, enzi za MV Songea na MV Iringa, honi ikilia hata mtoto anajua meli hiyo, mbio gatini. Siku hizi kuna MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, lakini honi ni honi, haihitaji tafsiri.

Sasa hebu itazame simu yako. Kampuni ya simu ikikutangazia bando, ting. Kundi la harusi ya mtu usiyemjua likichangishana, ting. Mkulima akiingiziwa pesa zake za kahawa, ting. Na shangazi akifariki, ting ile ile! Utajuaje lipi la kukurupukia?

Nina binamu yangu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Mbinga mjini. Mwaka jana kaka yake alimletea toka Dubai spika ya kisasa, ile unayoiita kwa jina nayo inakuitikia. Unasema "Alexa", taa inawaka, unaiagiza ipige muziki au ikuamshe saa kumi na moja. Ni mali ya kampuni ya Amazon ya Marekani, walioitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Binamu anaiamrisha kwa Kiingereza chake cha shule, kifua mbele, majirani wanajaa mlangoni kushangaa.

Kimbembe kilikuwa usiku. Saa saba kimya kimetanda, baridi ya Umatengo inauma, mara kitu kinalia "ting" sebuleni na taa ya njano inawaka na kuzima. Bibi yetu, aliyekuwa amekuja toka Liuli kwa ajili ya matibabu, akaketi kitandani na kuuliza, "Wajukuu zangu, ni nani huyo anayepiga hodi akiwa ndani ya nyumba?" Mimi nilicheka, lakini swali la bibi lilikuwa la maana kuliko cheko langu.

Binamu akaikemea ile spika ipunguze sauti mpaka mbili. Muziki ukashuka kweli. Usiku uliofuata, ting iko pale pale! Siri yake ni hii, na wenye vidude hivyo muikate mkaiweke. Sauti ya muziki na sauti ya kengele zake ni vitu viwili tofauti. Ya pili unaipunguza kwenye programu yake iliyomo ndani ya simu. Fungua orodha ya vifaa, chagua spika yako, ingia kwenye mipangilio ya sauti, utakuta sehemu ya kengele na taarifa peke yake. Shusha unavyotaka. Humo humo unaweza kubadilisha mlio wenyewe. Ukitaka usiku usisumbuliwe kabisa, kuna amri ya kutosumbua, na unaweza kuipangia saa za kuanza na kumaliza. Usiogope kuchelewa kazini, maana amri hiyo haizimi kengele ya kukuamsha.

Hapo binamu alitakiwa aishie. Lakini utamu wa kimya ulimnogea. Akazima milio ya spika yote, akahamia kwenye simu, akaiziba mdomo kabisa, akailaza kifudifudi kila ikifika saa tatu usiku. Akawa anatutambia, "Jamani, nalala kama tajiri!"

Basi bwana, ukaja mwera wa Julai. Wa ziwani mnaujua upepo ule, ukiamua kuvuma hauna rafiki. Baba mdogo alikuwa kwenye usipa na taa zake, mashine ya boti ikazima, mawimbi yakawachukua. Lituhi nzima ikasimama ufukweni. Palikuwa na boti jingine lenye injini nzima, lilichokosa ni petroli. Mama mdogo akampigia binamu amtumie pesa ya petroli kwa simu, jambo la dakika mbili. Akapiga mara kumi na moja. Simu imelala kifudifudi, mwenyewe anakoroma kama tajiri.

Mungu si Athumani, baba mdogo na wenzake walitupwa ufukweni kijiji cha mbali, wakarudi asubuhi kwa miguu wakiwa wazima. Binamu alipokwenda kuomba radhi, mama mdogo hakumfokea. Alisema tu, "Mwanangu, usiku ule nilikuhesabu wewe wa kwanza." Nasikia binamu alilia njia nzima toka Lituhi mpaka Mbinga.

Si jambo geni kwenye ufuko ule. Hapo hapo Liuli, Wajerumani walikopaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe lao la ajabu, mwaka 1914 meli yao ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Mwezi Agosti ikatokea manowari ya Waingereza, Gwendolen, ya Kapteni Rhoades, ikaanza kupiga mzinga. Kapteni wa Kijerumani, ambaye wakikutana ziwani walikuwa wakinywa pamoja, inasimuliwa kwamba alipanda kimtumbwi akaenda kumgombeza mwenzake, akidhani amelewa. Maskini, taarifa kwamba kule Ulaya vita imeanza ilikuwa haijamfikia. Akatekwa hapo hapo. Habari moja tu haikufika, mtu akaamkia kifungoni!

Kwa hiyo sisemi uishi na makelele. Ninachosema, chagua. Wenye simu za Android, kwenye ile hali ya kutosumbuliwa unaweza kuruhusu watu uliowawekea nyota wapite, wengine wote wakaa nje. Tena unaweza kuruhusu anayekupigia mara ya pili ndani ya dakika 15, maana mtu hakupigii mara mbili mbili saa nane za usiku kukusalimia. Wa iPhone nanyi mnayo hiyo, ila kwenu ni dakika tatu. Halafu mpe mama mlio wake, mpe baba wa kwake. Makundi ya harusi yazibe mdomo bila huruma.

Na ujumbe wa pesa? Huo upe mtetemo tu, kimya kimya mfukoni. Msimu wa kahawa pale Mbinga nimeona jamaa simu ikilia baa, kabla hajaisoma meza nzima ishaagiza. Mlio mmoja, bia kumi na mbili!

Leo usiku kabla hujalala fanya kazi hii ndogo. Jiulize ni watu gani wangekuhesabu wewe wa kwanza. Hawazidi watano. Wape nyota, ndipo uvute shuka. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.