Tuonyeshwe Sifuri Kabla ya Kutiliwa Mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nitoe dukuduku langu juu ya vituo vya mafuta vya huku kwetu Temeke.

Baadhi ya jamaa waliorejea kutoka Ulaya hutuhimiza tuige desturi ya kila mtu kujitilia mafuta mwenyewe; shauri hilo silikubali, kwani vijana wetu wa pampu hupata hapo riziki yao ya halali, na hata huko Marekani, jimbo la New Jersey limemkataza mteja kujitilia petroli tangu mwaka 1949. Ninalolalamikia ni hiana ya baadhi ya vijana hao.

Juzi, katika kituo kimoja karibu na Mtoni kwa Azizi Ali, niliagiza petroli ya shilingi 10,000 kwa ajili ya bajaji yangu. Mhudumu, huku mwenzake akinishughulisha kwa maneno ya chenji, alianza kutia kabla hajarudisha tarakimu kwenye sifuri, na nilipomtaka risiti ya mashine akanijibu kwa bashasha kwamba karatasi imekwisha. (Karatasi hiyo, ajabu, huisha kila nipitapo.) Nilipohoji, dereva aliyekuwa nyuma yangu akanipigia honi kana kwamba mkosaji ni mimi.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hututangazia bei kikomo ya mafuta kila mwezi, nasi twashukuru. Lakini bei hiyo yatufaa nini ikiwa kipimo chenyewe hatukioni? Nawasihi wao na Wakala wa Vipimo watujibu: je, mhudumu hawezi kulazimishwa kumwonyesha mteja sifuri kwanza? Nanyi wasomaji wa Kinondoni, kwenu hali ikoje?

Wako mtiifu,
Mwenye Bajaji,
Temeke, Dar es Salaam