Mashauri ya Nyumbani: Tope la Njiani Laenda Wapi?



Katika nchi za baridi, kama Kanada, watu huamka wakaikuta njia ya nyumbani imefunikwa na theluji, nao huiondoa kwa mashine. Kwetu Bagamoyo mzigo wa njiani ni tope na mchanga wa masika, tangu Machi hata Mei. Nasi twashukuru greda lijapo, maana kazi ya majembe ya siku nyingi laimaliza kwa saa chache.

Lakini theluji huyeyuka yenyewe. Tope likikauka huwa gumu kama tofali. Tena greda likipita huacha tuta kandokando ya njia. Tuta hilo likiziba mtaro, maji hukosa pa kutokea. Hurudi njiani na kuichimba upya, ama huingia katika nyumba iliyo bondeni. Basi mwenye gari apita salama, na mjane achota maji ndani mwake kwa kata. Je, njia hiyo twaweza kuiita njema?

Kwa hiyo, kabla ya masika, wenye nyumba na wazibue mitaro na makalvati. Mwonyesheni dereva mapema mahali maji yatokeapo. Greda likiisha kupita, walimu na vijana na wachukue majembe, walikate tuta penye kila mlango na kila mkondo, na mchanga wautie mashimoni, yasiwe vidimbwi vya mbu.

Mashine haimjui jirani. Sisi twamjua, na kumpenda tumeagizwa.