Usiache Mbachao: Rai Kuhusu Kufundisha Uwekaji wa Kompaila Mpya

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa shule ya Njoro mjini Moshi, au ya vijiji vilivyo juu yake mlimani, huenda akakuta kompyuta chache zilizochakaa, zenye mfumo wa Linux wa miaka iliyopita. Siku moja atahitaji programu isiyokubali kuundwa kwa kompaila ya zamani. Wengi huifuta ile ya kale kwanza, ndipo watafute mpya. Rai yangu ni kwamba njia hiyo ni mbovu, na ubovu wake una funzo kwa kila mwalimu.

Kompaila ni programu ya kutafsiri: hupokea maagizo yaliyoandikwa na binadamu, kwa mfano katika lugha ya C, ikayageuza yawe maagizo yanayotekelezwa na mashine. Lakini kompaila yenyewe nayo imeandikwa katika lugha ya namna hiyo. Basi nani ataitafsiri? Ni ile iliyotangulia. GCC, kompaila iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kwa kawaida hujengwa kwa hatua tatu. Kwanza, kompaila iliyopo huijenga mpya. Pili, hiyo mpya hujijenga yenyewe. Tatu, zao la hatua ya pili hujijenga tena. Kisha mazao ya hatua ya pili na ya tatu hulinganishwa. Yakihitilafiana, ipo kasoro, na kazi husimama.

Wala ngazi hairukwi. GCC ya 11, ya mwaka 2021, ikijengwa kwa GCC nyingine, hudai isiyo chini ya 4.8, ya mwaka 2013. Mwenye iliyo kongwe zaidi hana budi ajenge kwanza ya katikati.

Kwa hiyo yafaa tufundishe hivi: ya zamani iachwe mahali pake, mpya iwekwe katika folda yake yenyewe, ijaribiwe kwa programu ya mistari michache, ndipo folda hiyo itangulizwe katika orodha ya mahali ambamo mashine hutafutia programu. Ikishindikana, kazi huendelea kwa ya zamani. Mkulima wa kihamba hazibi mfongo wa kale kabla mpya haujafikisha maji migombani.

Baadhi watadai kwamba kuhifadhi kompaila mbili ni kujaza nafasi bure, na kwamba ni afadhali kuweka mfumo mpya kabisa. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo mashine ina nguvu na intaneti ipo. Lakini penye mashine moja, kosa moja huwaacha watoto mikono mitupu kwa muhula mzima.

Kanuni hii haiishii kwenye mashine. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, lakini yuko mtoto anayeingia darasa la kwanza akiwa na Kichagga tu cha nyumbani. Kwa Kichagga atakielewa Kiswahili. Kwa Kiswahili atazielewa hesabu. Mwalimu anayemcheka kwa lugha ya mama yake anafuta chombo pekee ambacho kingemjengea kipya.

Wahenga walituasa tusiache mbacha kwa msala upitao. Hawakukataza msala mpya; walitaka kwanza utandikwe.