Tunachanga Bili Bila Kujua Bei



Hii hali unaijua. Swala ya Ijumaa imeisha, watu wanatafuta viatu, halafu imamu anashika kipaza sauti: kuna ndugu yetu amelazwa, bili imefika laki mbili na nusu, tafadhali tusaidieni. Huyu anatoa mia, yule hamsini, kina mama nao wanakusanya upande wao. Kufika jioni grupu la WhatsApp limefunguliwa na namba ya M-Pesa iko juu. Alhamdulillah, kwa kuchanga umma huu haujambo.

Lakini kuna swali ambalo hata mimi, niliyesimamia michango kadhaa, nilichelewa kuuliza. Hiyo laki mbili na nusu ni ya nini? Kitanda ngapi, dawa ngapi, maabara ngapi? Na hospitali ile nyingine ng'ambo ya barabara ingetoza ngapi kwa ugonjwa uo huo? Siku moja nilipigia simu hospitali tatu za mji mmoja kuuliza bei ya kujifungua kwa upasuaji. Moja ilinitajia bei. Ya pili ikasema inategemea. Ya tatu ikaniambia, "Mlete mgonjwa kwanza." Sasa jamani, hata muuza mitumba anakwambia bei kabla hujavaa shati.

Msimamo wetu ni huu: tunataka orodha moja ya wazi, inayoonyesha bei na ubora wa kila hospitali, ya umma na ya kibinafsi, na serikali iwajibike kuhakikisha kilichoandikwa humo ni kweli.

Usiambiwe hili ni jambo geni. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya bora. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari. Kifungu cha 46 kinasema anayetumia huduma apewe habari anazohitaji ili afaidike nayo, na kinahusu huduma za serikali na za watu binafsi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu akueleze faida, hatari na gharama za matibabu. Haki ipo kwenye karatasi. Kwenye dirisha la malipo haionekani.

Sehemu za orodha hii tayari zipo, ila zimetawanyika. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ilichapisha viwango vyake: shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida, 30,000 kwa upasuaji, na 10,650 kila mara mgonjwa wa figo anaposafishwa damu. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya vituo vyenye leseni na ngazi zake. Lakini kile SHA inalipa sio lazima kiwe ndicho unachotozwa. Ile tofauti unayotoa mfukoni ndiyo hatuioni popote kwa pamoja, na ndiyo inayotupeleka kwa kipaza sauti cha msikiti.

Na ubora je? Mwaka 2025 mamia ya vituo vilifungwa na vingine vikashushwa ngazi baada ya kukaguliwa. Vizuri. Lakini mama aliyejifungulia kwenye kituo kama hicho mwezi mmoja kabla, nani alimwambia? Ukaguzi ambao mgonjwa haoni matokeo yake unamlinda nusu tu.

Kuna watakaosema, mbona mitandao imejaa kurasa za kulinganisha hospitali, na nyota tano ziko pale? Nyota anaweza kupewa mtu na shemeji yake. Ukurasa unaolipwa na matangazo ya hospitali utamsema vipi anayeulipa? Hata takwimu za kweli zinaweza kudanganya zikipangwa vibaya. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani pale Mombasa inapokea kina mama waliozidiwa kutoka kaunti jirani. Ukihesabu vifo peke yake, itaonekana mbaya kuliko zahanati inayosukuma kila kesi ngumu kwa gari la wagonjwa. Vilevile hospitali itatangaza bei ndogo ya upasuaji, kisha glavu, damu na dawa ya usingizi vije pembeni. Ndiyo maana tunasema lazima pawe na kipimo kimoja kwa wote, na mtu wa kukikagua.

Na sheria peke yake haitoshi. Marekani imelazimisha hospitali zichapishe bei tangu tarehe 1 Januari 2021. Nyingi zilikaidi, na faini za kwanza, kwa hospitali mbili za jimbo la Georgia, zilikuja 2022. Somo hapo ni jepesi: amri isiyo na adhabu ni ombi.

Sisi Waislamu ndio wa mwisho kushangaa. Suratul Mutaffifin inaanza na onyo kwa wanaopunja vipimo. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, afisa wa kukagua mizani sokoni, na vitabu vya hisba vya karne ya 12 vilimpa kazi ya kukagua hata madaktari na wauza dawa. Kumsimamia anayeuza tiba ni desturi yetu ya zamani sana.

Tena jambo hili linatugusa pale panapouma. Tunajua familia zilizokawia kuzika kwa sababu maiti imezuiwa juu ya deni, ilhali Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si dhamana ya deni. Familia ambayo ingejua bei mapema ingechagua mapema. Kwa hivyo orodha hiyo ionyeshe pia kama kuna mkunga au daktari wa kike zamu ya usiku, na isomeke kwa Kiswahili na Kisomali, kwenye simu ya kawaida ya mbonyezo. Bibi wa Garissa au Lamu asiambiwe atafute intaneti.

Ila tusisahau kitu kimoja. Serikali za kaunti ndizo zinaendesha hospitali nyingi za umma, kwa hivyo mchezaji asiachiwe filimbi. Matokeo yapelekwe Bungeni na kwenye mabunge ya kaunti, hadharani.

Wewe ufanye nini? Kwanza, kabla ya mchango wowote, ombeni bili iliyochanganuliwa, mstari kwa mstari. Pili, andika barua kwa hospitali au wizara ya afya ya kaunti yako, ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Omba bei za huduma zote, ripoti ya ukaguzi wa mwisho, na idadi ya wahudumu. Sheria inakuruhusu uandike kwa Kiswahili, na wana siku 21 kukujibu. Hata hospitali ya kibinafsi inayotumia pesa za umma imo ndani. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita Ombudsman. Tatu, muulize MCA wako swali hili mbele ya watu, sio inbox.

Kuchanga tutaendelea, sadaka haina mwisho. Lakini msikiti mmoja, barua moja, kabla ya Ijumaa ijayo. Ukijibiwa tuletee jibu. Usipojibiwa, tuletee tarehe uliyopeleka barua, tutahesabu siku pamoja.

Wabillahi tawfiq.